Feruzi: kito, rangi, na jina la babu yangu

Mwanangu Zainabu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, na nimeona nikuandikie kwa kirefu kuliko kukupigia simu. Unasema mtoto akiwa wa kiume mnataka kumwita Feruzi, jina la babu yangu mzaa baba. Mumeo anaijua feruzi kuwa ni rangi ya sare za harusi, ile ambayo huko Dar wanaiita turquoise. Wifi yako naye kasema hilo ni jina la watumwa. Unaniuliza nani mkweli. Wote wawili ni wakweli, ila kila mmoja ameshika upande wake.

Kwanza feruzi ni kito. Ni jiwe la nchi kavu: maji machache ya mvua hupenya kwenye miamba yenye shaba, yakaacha madini ndani ya nyufa kidogo kidogo mpaka yakawa jiwe. Shaba ndiyo inayolitia ubuluu; chuma kikizidi, jiwe huelekea kijani. Wamisri wa kale walilichimba Sinai, na huko Serabit el-Khadim wakajenga hekalu la mungu wao wa kike Hathor, waliyemwita Bibi wa Feruzi. Waajemi walilichimba Nishapur, na feruzi ya huko inasifiwa mpaka leo.

Jina tumelipata kwa hao Waajemi. Kwao piruz ni mshindi. Waarabu hawana sauti ya p, wakasema firuz, nasi tukasema feruzi. Wazungu waliletewa jiwe hilo kupitia Uturuki, basi Wafaransa wakaliita la Kituruki, na ndiyo hiyo turquoise ya mumeo. Jiwe likaitwa kwa njia lililopitia, si kwa kwao. Shika hilo, maana babu yangu naye yalimkuta.

Ni jina lililobebwa na wafalme. Uajemi ilikuwa na mfalme Peroz katika karne ya 5, na Delhi ilitawaliwa na Firuz Shah kuanzia 1351 hadi 1388. Lakini wifi yako hakusema uongo. Katika nyumba za Waarabu mateka walipewa majina ya vito na mapambo: Almasi, Yakuti, Marijani, Johari, Feruzi. Mtu aliyenunuliwa akaitwa kama kitu kilichonunuliwa. Babu yangu alivushwa Ziwa Tanganyika akiwa mtoto mdogo, kutoka Manyema, iliyo Kongo ya leo, akateremshwa hapa Ujiji, ambako misafara ilikuwa ikijipanga kwenda Tabora na kuendelea hadi Bagamoyo. Mama yake alikuwa amempa jina jingine. Mwenye nyumba aliyemchukua akamwita Feruzi. Kumwita mshindi mtoto aliyeporwa kwao, mwanangu, ni jambo linaloniuma hadi leo, na sitaki ulifiche wala ulipunguze ukimsimulia mwanao.

Ila usikomee hapo, kama wanavyokomea wengi. Mwaka 1922 Waingereza walipopitisha sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika, babu alikuwa mtu mzima mwenye mke na kazi. Kulibadili jina kulikuwa juu yake, na hakulibadili. Wakati huo alikuwa fundi wa mashua. Baba yangu alikuwa akitusimulia jinsi alivyotia kalafati: anasokota pamba kwa viganja, anaichovya kwenye mafuta, anaisindilia kati ya mbao mbili kwa patasi butu, halafu anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mshono wote. Ukucha ukinasa, anaichomoa pamba yote na kuanza upya, hata kama mwenye mashua amesimama pale anamhimiza. Ukisema Feruzi hapa Ujiji enzi hizo, mtu hakuwaza jiwe wala utumwa. Aliwaza mashua isiyoingiza maji. Maana hiyo babu aliitia mwenyewe ndani ya jina, kwa mikono yake, na mimi nimelelewa ndani ya maana hiyo. Ndiyo ninayotaka mjukuu wangu airithi.

Kuhusu rangi sina mengi. Ukitaka kumwonyesha mumeo, mlete kiangazi, asimame Bangwe, pale ufukweni mwa ziwa, jua likiwa utosini, atazame maji ya karibu na mawe kabla hayajaingia kilindini.

Pete uliyonitumia picha yake nina wasiwasi nayo. Bei ni ndogo mno, na rangi imelingana kila mahali. Siku hizi huchukuliwa mawe meupe, kama haulaiti na magnesaiti, yakapakwa rangi ya buluu na kuuzwa kwa jina la feruzi. Kabla hamjatoa pesa, mwombe muuzaji apitishe kwa nyuma pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha. Pamba ikitoka na ubuluu, rudisheni. Isipotoka bado si hakika, kwa hiyo mpelekeeni sonara mnayemwamini. Na ikiwa ya kweli, ivue unapofua, unapopika na unapojipaka manukato. Jiwe hilo ni laini, lina vitundu visivyoonekana, linanyonya jasho na mafuta mpaka linageuka kijani. Watu wa zamani walilivaa kujikinga na husuda, na likigeuka rangi walidhani linawaonya hatari. Ni jasho tu.

Akiwa wa kike je? Mwiteni vilevile, mkipenda. Yule mwimbaji mkubwa wa Lebanon, Nouhad Haddad, dunia nzima inamjua kwa jina la Fairuz, na ni neno lilelile.

Wifi yako usimjibu kwa hasira. Mkubalie alilosema, kisha umweleze habari za mashua. Mama yako anauliza kama kanga za uzazi zinatosha au aongeze. Dagaa tutawatumia kwa treni, na siku ya akika nitakuja mwenyewe.

Baba yako,
Ujiji