Umechaguliwa kwenye chama cha sataranji? Anza na barua pepe

Ndugu zangu mlioingia madarakani juzi, hongereni. Najua mmeshaanza kujadili Olimpiadi, yale mashindano ya sataranji ya timu za mataifa, na jezi za timu. Kabla ya hayo, nauliza: nywila ya barua pepe ya chama anayo nani?

Mimi niliposhika ukatibu nilikabidhiwa mhuri, mafaili mawili na bodi za plastiki zilizopungukiwa kete. Anwani iliyosajiliwa FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ilikuwa ya mtangulizi wangu, ya kwake binafsi, naye alishatununia kwa kushindwa uchaguzi. Ankara zote zilikuwa zinamwendea yeye. Tulijua tunadaiwa siku tulipotaka kuandikisha timu. Usiku ule tulichangishana kwenye WhatsApp hadi wazazi wa wachezaji, aibu tupu.

FIDE, iliyoundwa Paris mwaka 1924, hutambua chama kimoja kwa kila nchi. Kwa hiyo uongozi ukibadilika, pelekeni mapema muhtasari wa mkutano na majina mapya. Mkigawanyika kambi mbili na kila kambi ikaandika barua yake, mtakaa miaka mnajieleza.

Kwenye Mkutano Mkuu wa FIDE kila nchi ina kura moja. Ya Burundi ni sawa na ya India. Ndiyo maana msimu wa uchaguzi mtapigiwa simu na wakubwa ambao jana hawakuwajua. Pokeeni kwa adabu, ila msilewe sifa. Malimbikizo ya ada yakizidi, kura hiyo huondoka.

Lakini anayeumia kweli ni mchezaji. Mashindano ya kuhesabiwa reitingi, yaani alama za kiwango cha mchezaji, husajiliwa kabla hayajaanza, na hupitia kwa ofisa wa reitingi wa chama chenu. Orodha mpya ya reitingi hutoka tarehe mosi ya kila mwezi. Ripoti ikilala kwenye kompyuta yako, binti aliyewafunga watu wazima watatu Jumamosi haonekani popote. Phiona Mutesi wa Katwe, Uganda, alipata cheo cha WCM (Woman Candidate Master, cheo cha FIDE kwa wanawake) kwenye Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012 kwa mikono yake mwenyewe, sikatai, lakini kwanza jina lake lilibidi liwe kwenye timu iliyoandikishwa.

Basi fungueni anwani ya ofisi, isiyo na jina la mtu. Nywila iandikwe, itiwe kwenye bahasha, ikae kwa mweka hazina. Halafu ndipo mzungumze jezi.