Mwalimu, nimechoka na tizi lile lile

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, naishi Kihonda, Morogoro. Nimefanya karate ya Goju-ryu miaka mitatu na nina mkanda wa kijani. Tizi langu halijabadilika tangu nianze: kila asubuhi nakimbia kilomita tano, napiga pushapu 100, narudia kata zangu (mfululizo wa miondoko iliyopangwa), naoga, naenda kazini. Mwaka wa kwanza niliuona mwili ukibadilika. Siku hizi nakimbia kama mtu anayetumwa dukani, na kwenye kumite, yaani kupambana na mwenzangu, dakika ya pili pumzi inakata. Nataka kuchanganya na kamba na vyuma, lakini kaka mmoja mkubwa dojoni, tunapofanyia mazoezi, anasema nitaharibu karate. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo kaka yako anaogopa usije ukaacha kata ukabaki na vyuma tu, na hapo namuunga mkono. Lakini mkumbushe habari ya Chojun Miyagi, mwasisi wa mtindo wetu. Mwaka 1934 alikwenda Hawaii, akawakuta wanamieleka wakijinoa kwa chuma kizito chenye umbo la yai. Wazo lile akarudi nalo kwao Okinawa, Japani, na zana hiyo tunaiita kongoken mpaka leo. Ikiwa mwasisi alichukua kwa wanamieleka, wewe chukua kamba kwa mabondia bila wasiwasi.

Tuanze na pumzi. Kilomita tano za mwendo mmoja zinaufundisha mwili mwendo mmoja, na kumite ni kuchomoka, kusimama, kuchomoka tena. Asubuhi mbili kwa wiki acha kukimbia. Ruka kamba kwa hesabu ya mabondia, dakika tatu na mapumziko ya dakika moja, raundi sita, na sekunde 20 za mwisho za kila raundi toa kasi yako yote. Asubuhi ya tatu tafuta mteremko, na Morogoro huwezi kuukosa. Panda mbio sekunde 15, shuka kwa kutembea mpaka pumzi irudi, kisha panda tena, mara nane.

Pushapu 100 umeshazizoea, hazikuongezei nguvu tena. Tengeneza chi ishi, jiwe la mpini la Waokinawa. Chukua kopo la lita mbili na kipande cha mpini wa jembe kama sentimita 40. Ncha moja ya mpini ipigilie misumari minne iliyotokeza pande zote, maana bila misumari mpini utachomoka siku moja na jiwe litakuangukia mguuni. Usimamishe katikati ya kopo, jaza zege, mwagia maji kila siku kwa wiki nzima. Zege likishakauka, shika mwisho wa mpini, nyanyua polepole, lizungushe jiwe nyuma ya kichwa hadi bega la pili, lishushe mbele. Mara kumi kila mkono. Langu nimelitumia miaka mingi mpaka mpini umeng'aa kwa jasho, na hakuna pushapu iliyonipa kifundo cha mkono kama hiki nilicho nacho.

Sasa kata, ambazo ndizo ninazozipenda kuliko yote haya. Usizirudie tu. Chukua kata ya Gekisai peke yake mwezi mzima. Siku moja ifanye polepole, kwa pumzi nzito ya Sanchin, kata yetu ya kupumua. Siku nyingine mfululizo mara tano bila kusimama, uone miguu inavyolegea kwenye zenkutsu ya mwisho, ule msimamo wa goti la mbele kukunjwa. Siku nyingine igeuze yote, kila cha kushoto kiwe kulia, na hapo utagundua kwamba upande wako mmoja bado haujaijua. Kisha ifanye umefumba macho, uwanjani pasipo na mawe.

Ila usibadilishe vyote kwa wiki moja. Nilipokuwa na umri kama wako nilifanya hivyo: kamba, vyuma, na mbio za pekupeku kwenye mchanga wa Raskazone hapa Tanga, vyote kwa pamoja. Siku ya tisa kano ya kisigino cha kulia ikavimba, nikakaa nje miezi miwili. Mchanga laini unakizamisha kisigino, kano inavutika kuliko ilivyozoea, na vigimbi vyangu vilikuwa tayari vimechoshwa na kamba. Kwa hiyo wiki tatu za kwanza badilisha mbio tu. Halafu ongeza jiwe. Ukiamka asubuhi kisigino kimekaza, siku hiyo usiruke kamba, fanya kata ya polepole.

Kata hazisubiri, ziguse kuanzia leo. Ukishaifanya ile ya kufumba macho, niandikie tena uniambie ulipofumbua ulijikuta unatazama upande gani.