Re: Dokezo langu linarudi kila mara limeandikwa "fafanua"

Mkuu, dokezo (ile taarifa fupi ya ndani ya ofisi ya kumwomba bosi uamuzi) lina kurasa sita na limerudishwa mara mbili, hapo shida sio lugha yako, ni kwamba ombi umelificha ukurasa wa tano. Waziri au katibu mkuu analisoma kwenye gari akiwahi kikao kingine, sasa ukianza na "Rejea mkutano uliofanyika..." ushampoteza. Anza hivi: "Tunaomba uidhinishe chaguo B kabla ya Ijumaa, tukichelewa mkataba unaisha." Halafu ndo zije sababu, gharama na nani atapinga (hii watu wanaiogopa ila ndo atakayoulizwa), historia yote tupa kwenye kiambatisho. Mi huwa nampa mtu wa idara nyingine asome dakika mbili, akishindwa kuniambia naomba nini naandika upya.