Kabla hujawasha kamera kwa watu waliofukuzwa kwenye ardhi yao

Vijana wengi wananiuliza wanunue kamera gani ili watengeneze filamu za uchunguzi hapa Uganda, nami nawajibu simu nzuri na maiki ya kubana kwenye nguo inatosha kuanzia, swali la maana ni huyu mama unayemhoji atalala wapi wewe ukisharudi Kampala.

Maana yeye anabaki pale, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na wale askari, na huyo anayedai shamba ni lake. Watu wanadhani ukificha sura umemaliza, hapana jamani, kijijini mtu anajulikana kwa sauti, kwa gomesi, gauni lake la Jumapili, kwa kidole kilichokatwa na panga, hata ule muembe nyuma yake unatosha kumtaja. Mhoji mbali na kwake, avae shali ya kuazima, zima lokesheni ya simu, na sauti usiibadilishe kwa programu tu kwa sababu inaweza kurudishwa ilivyokuwa, mimi huwa namtafuta mtu mwingine asome maneno yake.

Halafu makaratasi. Kama ni ardhi ya mailo, ile yenye mmiliki mwenye hati huku wengine wakiishi na kulima juu yake, omba kuona mkataba wa kibanja, yaani kipande cha mkaaji, na risiti za busuulu, kodi anayomlipa mwenye ardhi, mzee mmoja alinitolea zake kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, chini ya godoro, mchwa wamekula pembeni lakini muhuri unasomeka, nikapiga picha mbele na nyuma. Huo muhuri ndio utakaokutetea mtu akisema umezusha. Ofisi za serikali ziandikie pia, sheria ya kupata habari ya 2005 inampa raia haki ya kuomba na wao wana siku 21 za kujibu. Wengine hawajibu kabisa, basi nakala yako iliyogongwa kwamba wamepokea iingie kwenye filamu.

Wale wa wilaya ya Mubende waliofukuzwa na jeshi Agosti 2001 kupisha shamba la kahawa walikwenda kortini 2002, hukumu ya kwanza ikatoka 2013, na hata hapo kesi haikuisha. Inaniuma sana. Kwa hiyo usifute video ghafi hata moja, weka nakala mbili, moja iondoke kijijini jioni hiyohiyo na mtu mwingine.

Filamu ikikaribia kutoka rudi kwa yule mama na laptopu, mwonyeshe sehemu yake kwa lugha anayoielewa, akisema hapa toa, toa, hata kama ndipo patamu kuliko pote. Na anayetuhumiwa mwandikie barua yenye tarehe, mpe muda wa kutosha ajibu, akinyamaza andika kwenye skrini aliulizwa lini.