Helldivers 2: kila mara nawaua wenzangu, wananifukuza

Pole, mdogo wangu. Umesema una wiki moja tu kwenye gemu hili la timu kupigana na wadudu, na umeshatolewa timuni mara tatu kwa kuwalipua wenzako. Wengi tulianzia hapo. Huku risasi haichagui: inaua mdudu na mwenzako sawasawa, na hakuna pa kuzima hilo.

Kwa maelezo yako, mchawi ni lile bomu la kilo 500. Unalirusha wenzako wakiwa wamebanwa, ukidhani unawaokoa. Kabla ya kutupa kile kimpira cha kuliita bomu, fungua ramani, ona kila mtu yuko wapi. Na mzinga unaojiendesha usiuweke nyuma ya timu. Unageuka kumfuata mdudu na kumfyeka yeyote aliye katikati. Ukiusikia umeanza kurindima, lala chini kwanza, maswali baadaye.

Ukiua mtu, mrudishe papo hapo kwa vitufe vya mwelekeo: juu, chini, kulia, kushoto, juu. Ikariri hata usingizini. Anayerudishwa haraka husamehe haraka.

Halafu ngazi za ugumu ziko 10, wewe mgeni umekimbilia ya 7 kufanya nini? Shuka ya 3 au ya 4.