Kulisha ng'ombe wa nyama kwa mahindi: mabua au punje, chagua moja

Ukiuliza wafugaji namna ya kunenepesha ng'ombe, wengi watakujibu neno moja tu: mahindi. Jibu si baya, ila ni nusu ya jibu. Mmea mmoja wa mahindi una majani, maganda, bua, gunzi na punje, na kila kimoja kina tabia yake tumboni. Msimamo wangu, baada ya kulisha vyote hivyo, ni huu: ng'ombe alishwe mabua kwa utaratibu wa mabua, au punje kwa utaratibu wa punje. Ukimchanganyia nusu kwa nusu bila mpango, unapoteza mabua na punje pia.

Nianze na mabua, maana ndiyo yanayodharauliwa. Mwachie ng'ombe rundo la mabua makavu umtazame anavyochagua. Ataokota kwanza masalia ya punje, kisha majani na maganda, na bua nene ataliacha hadi njaa imlazimishe. Ana akili: majani na maganda ndiyo yenye lishe, bua ni gumu na gunzi ni karibu tupu. Kwa hiyo mimi huweka mengi kuliko anayoweza kumaliza, na yanayobaki huenda kwenye matandiko au mboji. Kumbana mpaka amalize bua lote ni kumnyima chakula huku hori limejaa. Kuyakatakata vipande vya sentimita mbili hadi tano kunapunguza upotevu, lakini hakugeuzi bua kuwa jani. Na yavunwe mapema. Mabua yaliyosimama shambani wiki kadhaa baada ya mavuno, yakapigwa jua na mvua, hupukutisha majani na kubaki fimbo.

Sasa, kwa nini ng'ombe anashiba mabua, tumbo limemjaa, na bado mbavu zinahesabika? Kinachosaga mabua ni vijidudu vilivyo katika tumbo lake kubwa, na vijidudu hivyo vinahitaji protini. Vinafanya kazi vizuri chakula kikiwa na protini ya asilimia 7 hivi au zaidi. Mabua mara nyingi yana 4 hadi 6. Vikikosa protini vinazembea, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, kinyesi kinakuwa kigumu chenye tabaka, na ng'ombe hana nafasi ya kula zaidi. Hapo ndipo wengi hukimbilia unga wa mahindi. Pole sana! Wanga ukizidi kidogo tu, vijidudu vya wanga huchachamaa, vile vya nyuzinyuzi hurudi nyuma, na mabua husagwa vibaya kuliko mwanzo. Tiba ni protini. Kwa ng'ombe wa kilo 250 anayekula mabua, mashudu ya pamba (mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) chini kidogo ya kilo moja kwa siku yanatosha kubadilisha hali. Ya alizeti huwa na protini pungufu, basi ongeza kidogo. Majani makavu ya mikunde yanafaa pia.

Mashudu yakipanda bei kuna mbolea ya urea. Kilo 4 hadi 5 zinayeyushwa katika lita 50 za maji, zinanyunyiziwa sawasawa kwenye kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwa, kisha yanashindiliwa na kufunikwa kwa plastiki bila kuvuja hewa kwa wiki tatu. Fungua, acha harufu kali ipungue kwa siku moja, ndipo ulishe kidogo kidogo. Ndama wa chini ya miezi sita asiguse, na maji ya urea yasiachwe ndoo wazi karibu na mifugo. Urea inaua, tena haraka.

Njia ya punje ni nyingine kabisa. Hapa unataka kumaliza ng'ombe kwa soko, na adui ni haraka. Wanga mwingi kwa ghafla hugeuka asidi tumboni: ng'ombe anasusa kula, anaharisha kinyesi cha kijivu chenye povu, wengine wanachechemea kwa sababu ya kwato, na wengine wanakufa. Ng'ombe wa kilo 250 humwanzia kilo moja kwa siku, naongeza nusu kilo kila baada ya siku tatu, hadi baada ya wiki tatu hivi anafika kilo nne na nusu. Nagawa asubuhi na jioni, na mabua au nyasi kavu hupewa kwanza. Mashudu hayaondoki, maana punje nazo zina protini ndogo, asilimia 8 au 9. Punje zipasuliwe tu. Zikiwa nzima nyingi utaziona kwenye kinyesi, zikiwa unga laini asidi inakuja kwa kasi. Akisusa, usiongeze, rudi hatua moja nyuma.

Pumba ziko katikati. Zina mafuta, kwa hiyo zikikaa muda mrefu kwenye joto huchacha na ng'ombe anazikataa. Ubora wake unategemea mashine, basi chota kiganjani uangalie kabla ya kulipa.

Jambo linalosahaulika ni chokaa ya mifugo. Punje na pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna. Dume au maksai anayelishwa hivyo bila chokaa anaweza kupata mawe kwenye njia ya mkojo, na akiziba ni dharura. Gramu 50 hadi 100 kwa siku, pamoja na chumvi na maji safi ya kutosha.

Mahindi yenye ukungu yaliyokataliwa jikoni msiyapeleke hori. Sumukuvu haiondoki kwa kusaga, na kwenye pumba huwa nyingi kuliko kwenye punje nzima. Mmea uliodumazwa na ukame nao una hatari yake: naitreti, chumvi ya udongoni iliyo sumu kwa ng'ombe ikizidi, hujikusanya sehemu ya chini ya bua, hivyo ukate juu zaidi au utengeneze saileji, yaani malisho mabichi yaliyoshindiliwa na kuchachushwa bila hewa. Na kabla ya kufungulia kundi lenye njaa kwenye shamba lililovunwa, pita ukaokote magunzi yenye punje yaliyoanguka, kisha uwape nyasi kwanza.

Kuhusu lini kuacha kulisha punje, mimi hutumia kamba ya kupimia kifua ili kukadiria uzito. Ng'ombe akishanenepa, kilo inayofuata inagharimu chakula kingi zaidi. Kamba ikianza kusogea polepole na hori likiwa lilelile, huyo anakwenda sokoni.