Waliomtukana Vinicius walihukumiwa

Ndugu, unasema waliomtukana Vinicius waliachiwa hivihivi? Hapana, hawakuachiwa. Mashabiki watatu waliomtolea Vinicius Junior, mshambuliaji mweusi kutoka Brazil, matusi ya kibaguzi pale Mestalla, uwanja wa Valencia, Mei 2023, walihukumiwa Juni 2024: kifungo cha miezi 8 na kutokanyaga viwanjani miaka 2. La Liga wenyewe, yaani wasimamizi wa ligi ya kule, walitangaza, na ndiyo hukumu ya kwanza ya aina hiyo Hispania. Ila sheria ya kule, kifungo kisichozidi miaka 2 kwa asiye na rekodi ya makosa kwa kawaida hakitumikiwi gerezani.

Na sisi tunaotazama mabandani huku Mwanga, Kigoma? Juzi beki mweusi kateleza, jamaa nyuma yangu kapayuka "nyani we!" Banda zima likaangua kicheko. Iliniuma sana.